Panya Aliyepewa Jina Langu

Kaengesa, 4 Februari 2024

Mke mwenzangu Otilia,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Anayeandika ni Katekista Leonardi. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuninyooshea maneno. Nikisema mjinga, aandike mjinga.

Barua yako ya Noeli ameisoma mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza nilidhani anakosea. Yaani umesoma miaka yote ile, kwa masista, Dar, mpaka huko Ujerumani, ukaishia kuvaa na miwani, na sasa kazi yako ni kutengeneza mashine ya kumpiga picha panya. Nikamwambia Leonardi, rudia. Akarudia. Panya. Tena si picha ya sura, ni picha ya ndani.

Otilia, mimi panya nimewajua kabla mama yako hajazaliwa. Wamekula mahindi yangu, wamekula kitenge changu cha harusi, mwaka mmoja walikula hadi sabuni. Kilichomo ndani ya panya nakijua bila mashine: ni mahindi yangu.

Huku kwetu mtu akitaka picha ya maana anaambiwa nenda Mbeya, nenda Dar, siku nzima kwenye basi magoti yamegusa kidevu. Panya wa huko hapandi basi. Anatengenezewa mashine ya kimo chake! Nimechoka kabla sijamaliza kusikia.

Haya, nieleze kwa maneno ya watu. Panya anaingiaje humo? Anapewa nini? Na akishapigwa picha anakwenda wapi? Usiniandikie kwamba inategemea.

Simu acha kupiga. Inanichoma sikio. Andika barua, Leonardi anazichapisha steshenari mjini, ananisomea, na mimi naziweka kwenye debe la mbegu. Zangu anazipiga picha anakutumia.

Kula. Ile picha yako ya mwisho ni mifupa na koti.

Bibi yako,
Silvana


Aachen, 10 Februari 2024

Bibi, shikamoo.

Kazi hii nimekueleza mara nne kwa simu, enzi zile ulipokuwa unapokea simu. Hii ni ya tano.

Panya anachomwa sindano mkiani. Ndani yake mna madini joto, yale yale yaliyomo kwenye chumvi ya pakiti ambayo wewe unasema haina ladha, ila haya yana mionzi kidogo. Madini joto yakiingia mwilini hukimbilia kwenye tezi ya shingo. Yakifika pale yanatoa mionzi isiyoonekana kwa macho, na mashine inaiona. Panya anapewa ganzi, analala chali kwenye kitanda cha chuma, kitanda kinaingia katikati ya pipa dogo, zito, la ukubwa wa chungu chako cha maharage. Pipa limetobolewa pande zote matundu arobaini na nane, kila tundu kama la sindano, yote yanamtazama yeye. Kila tundu linaleta picha yake, kompyuta inaziunganisha.

Kazi yangu ni hayo matundu. Yakae wapi, yaelekee wapi, yawe na upana gani. Ni mwaka wa pili nayo. Yakikaribiana, picha zinapandana, na panya mmoja anaonekana na shingo mbili. Kwa hiyo ukisema umechoka, Bibi, tuko wawili.

Umeuliza anakwenda wapi. Sikufichi. Mwisho wanauawa. Kisha tunawapasua, tunalinganisha picha na kilichomo. Ndivyo kazi ilivyo.

Na simu haichomi sikio. Miezi mitano sijasikia sauti yako.

Otilia wako


Kaengesa, 18 Februari 2024

Mwanangu Otilia, Tumsifu Yesu Kristu.

Hii naandika mwenyewe, Bibi hayumo.

Bibi yako ana rovu. Dogo alikuwa nalo siku zote, kama wanawake wengi wa huku wa umri wake. Tangu mwezi wa tisa limekua, sasa ni kama ngumi. Analifunika kwa skafu, anawaambia watu ni baridi. Sauti imekuwa ya mkwaruzo, na hiyo ndiyo sababu hataki simu: anajua ukimsikia tu utajua. Akilala chali pumzi inakata, kwa hiyo analala ameegemea ukuta.

Daktari wa mjini alisema apelekwe Dar, akapewe dawa ya mionzi, apigwe picha ya tezi, wajue kama ni rovu la kawaida au lile baya, kisha walikate. Alisema usipite mwezi wa sita, maana linabana koo. Bibi alikubali. Begi lilifungwa, mimi nikishuhudia.

Ndipo ikaja barua yako. Nikamsomea: dawa yenye mionzi, tezi ya shingo, kulala chali ndani ya mashine. Nilipofika pale pa "mwisho wanauawa, kisha tunawapasua", akaniambia, Leonardi, kunja karatasi. Akafungua begi, akarudisha nguo kwenye kamba moja moja.

Ningejua, ningeuruka ule mstari.

Ameniapisha nisikwambie. Basi sijakwambia.

Leonardi, Katekista


Aachen, 20 Februari 2024

Bibi, shikamoo.

Nimeona nikuongezee maelezo kidogo kuhusu kazi yangu, kwa kuwa unapenda kujua.

Mionzi anayopewa panya ni kidogo sana na haimuui. Ganzi haimuui. Mashine haimuui, haimgusi hata unyoya. Tunamuua sisi, kwa sababu ya vipimo, na ni panya tu. Binadamu hupigwa picha za namna hii kila siku, kwa mashine kubwa, hata bila ganzi. Wanalala nusu saa, wanaamka, wanarudi nyumbani wakapike ugali. Hakuna anayepasuliwa ili kulinganishwa na picha yake. Nasema tu.

Na kama kuna mtu yeyote hapo Kaengesa ameambiwa na daktari akapige picha hiyo, ningemwambia aende wiki hii hii.

Otilia wako


Kaengesa, 3 Machi 2024

Otilia,

Nasema tu, umesema. Nani alikuuliza habari za binadamu? Mimi niliuliza panya. Leonardi aliposoma pale pa mtu yeyote wa Kaengesa alikohoa mara mbili, nikamwangalia, akaangalia kuku. Haya.

Nina maswali ya panya. Nijibu moja moja.

Huyo panya akilazwa chali, pumzi haimkati? Kama ana kitu shingoni, labda, mnamwinua kichwa au mnamwacha akorome? Ile dawa ikifika kooni, inawasha? Akiwa humo ndani, nani anakaa naye? Au mnafunga mlango mnakwenda kunywa chai?

Na hicho kitanda. Umeandika chuma. Kiumbe cha kutosha kwenye kiganja, kimelewa ganzi, mnakilaza kwenye chuma kitupu katika nchi ya baridi? Ninyi mmesoma shule gani? Mama yako alizaliwa mwezi wa saba, kabla ya wakati, na asubuhi mawe ya kusagia mtama yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda. Nilimfunga kifuani, na vibuyu viwili vya maji ya moto huku na huku, siku arobaini. Angelazwa kwenye chuma, wewe usingekuwepo wa kunitolea majibu.

Sasa sikia. Unasema kinachomuua panya ni ninyi. Maneno hayo ni yako, mimi sijayaona. Chukua panya mmoja, mwanamke, mtu mzima, si hawa wasichana. Mpe jina langu. Mchome hiyo dawa, mlaze, mpige picha, halafu umwache aishi. Umpige tena na tena, umwache aishi, mpaka maharage ya huku yavunwe. Akifika mavuno akiwa mzima, kuna jambo langu nitalifanya. Akifa, silifanyi, na asinifuate mtu.

Ni jambo gani, hayakuhusu.

Silvana


Aachen, 14 Machi 2024

Bibi, shikamoo.

Unajua umeniomba nini? Kumuua panya hapa kuna fomu ya kurasa mbili. Kumwacha hai kuna fomu ya kurasa kumi na saba. Nimejaza zote. Mkuu wangu wa kazi aliuliza kwa nini namtaka panya mmoja wiki kumi wakati maabara imejaa panya. Nisingeweza kumwambia bibi yangu kaamua. Nikamwambia panya yule yule akipigwa picha kila wiki, tutajua kama mashine yenyewe inabadilika. Akafikiri, akasema, kumbe hilo tulipaswa kulifanya tangu mwanzo. Kwa hiyo usijisifu, lakini alisema hivyo.

Ni namba arobaini na moja. Jike, mweupe, ana sikio moja lenye pengo, mkorofi. Aliniuma siku ya kwanza. Kwenye kizimba nimebandika karatasi: SILVANA.

Majibu. Haiwashi. Anapumua, mrija wa ganzi uko puani na mimi nahesabu pumzi kwenye kioo. Ninakaa naye mimi. Chai nakunywa baadaye. Mwenye kitu shingoni huwekewa mto, na hata binadamu huwekewa.

Kitanda umenikamata. Kilikuwa na waya wa kupasha joto, nikauondoa ili matundu yapate nafasi. Nimeurudisha.

Hayo maharage yanavunwa lini hasa?

Otilia


Kaengesa, 7 Aprili 2024

Mke mwenzangu,

Maharage yanavunwa yakikauka. Usiyaharakishe.

Leonardi alileta nesi hapa siku ya Jumatatu ya Pasaka, eti kapita tu kunisalimia. Kapita tu na mkoba wa vipimo! Nilimpa chai, nikampa na njia. Leonardi anakataa kuandika hili. Andika.

Nimefurahi kwamba amekuuma. Hana budi.

Ila huo waya umenikosesha amani. Ngoja nikwambie kitu. Hiyo mashine yako mimi naijua. Kule juu, ukipita shamba la marehemu Isdori babu yako, bado yamesimama yale matanuru ya wazee ya kuyeyushia chuma, malungu. Ulikuwa unachezea ndani yake ukiwa mtoto, nikakuchapa. Ni mtungi mkubwa wa udongo kuliko mtu, na kiunoni una matundu pande zote, yote yanatazama ndani. Kwenye kila tundu baba yangu alikuwa anaweka mirija ya udongo. Wanawake hawakusogea pale moto ukiwaka, lakini mimi nilikuwa kitoto, nilimkandia udongo wa mirija. Hakuna aliyevukuta. Hewa iliingia yenyewe, joto likakaa lote ndani, sawasawa, huku na huku. Sasa wewe umetoboa matundu yako yote, halafu joto unalileta kwa waya chini ya mgongo, kama mtu anachoma muhogo. Mletee hewa ya moto kwa mrija, imzunguke.

Mimi sijasoma. Nimekaa karibu na moto tu.

Amelala vizuri, Silvana? Mimi silali vizuri, ni hili baridi.

Bibi


Aachen, 28 Aprili 2024

Bibi, shikamoo.

Silvana mzima. Amepigwa picha mara saba. Ameongezeka uzito, amemuuma na mkuu wangu wa kazi, na wenzangu wote sasa wanapita asubuhi kumwamkia. Mjerumani mmoja amejifunza kusema shikamoo kwa ajili ya panya.

Nakutumia picha ya shingo yake, Leonardi akuonyeshe. Ile inayong'aa kama kipepeo ndiyo tezi. Mabawa mawili, sawa sawa. Yule ni panya mzima. Mwenye ugonjwa, bawa moja huwa kubwa, au huzimika. Ndivyo daktari anavyojua wapi pa kukata na wapi pa kuacha. Nasema tu.

Malungu yako nimeyafikiria. Ila, Bibi, kwa heshima zote, mhandisi ni mimi. Mrija wa hewa hauna pa kupita, kila milimita ina kazi. Waya unatosha. Tatizo lake ni dogo: ukiwaka, unatia madoa kwenye picha, kama redio ikikwaruza. Nitalimaliza.

Nimehesabu wiki. Zimebaki chache.

Otilia


Kaengesa, 12 Mei 2024

Otilia,

Kipepeo nimekiona. Nimekibandika ukutani karibu na Bikira Maria, na wageni wanauliza ni mtakatifu gani.

Maharage ya bondeni yameanza kukauka. Ya juu bado. Kwa hiyo Silvana asilegee.

Begi nimelitoa darini. Lipate hewa tu, lilikuwa linanuka popo. Leonardi asikuandikie vinginevyo.

Ukimaliza tatizo la waya nambie. Mhandisi ni wewe. Haya.

Bibi


Aachen, 17 Mei 2024

Bibi, shikamoo.

Kaa kwanza.

Silvana amekufa jana.

Hakuuawa na dawa, wala hakuuawa na mashine. Nimemuua mimi. Waya ulikuwa unatia madoa kwenye picha na nilitaka picha moja iliyo safi ya kumwonyesha mkuu wangu, kwa hiyo niliuzima. Dakika ishirini, nilisema, haitadhuru. Nilikuwa naangalia picha. Sikuangalia pumzi. Nilipogeuka, alikuwa amepoa.

Picha ilitoka safi. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na siwezi kuiangalia.

Najua nilichokipoteza, Bibi. Najua la begi, najua la skafu, najua tangu Februari. Ningeweza kukuandikia kwamba ni mzima; panya weupe wote wanafanana, ningeweza hata kukutumia picha ya mwingine. Nimeandika hivyo kwanza. Nikafuta. Kama nikikudanganya kwa hili, utakapofika kwenye ile mashine ya Dar na mtu akakwambia lala usiogope, utamwaminije?

Nakuomba uende hivyo hivyo. Sina cha kukulipa. Nakuomba tu.

Otilia wako


Kaengesa, 21 Mei 2024

Mwanangu Otilia, Tumsifu Yesu Kristu.

Nimefanya jambo. Barua yako niliisoma peke yangu steshenari, nikarudi nayo kwa Bibi, nikafungua, nikasoma nyingine. Nilisoma kwamba Silvana ni mzima, amenenepa, anamsalimu. Maneno yalitoka yenyewe. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, vizuri, Leonardi, nenda katafute basi.

Tunaondoka Jumatatu. Mimi nampeleka.

Nisamehe, na usiandike lolote la kuniumbua. Nitaungama mwenyewe.

Leonardi


Aachen, 21 Mei 2024

Baba Katekista, shikamoo.

Umenifanya nini? Usiku mzima sikulala nikitafuta ujasiri wa kuandika ile barua, wewe ukaibadilisha kwa dakika moja kama unabadilisha wimbo wa sadaka! Atajua. Bibi hujua kila kitu. Na siku atakayojua hatamwamini tena daktari, wala wewe, wala mimi, na atakuwa Dar, mbali na nyumbani, na rovu lake shingoni.

Rudi ukamsomee yote. Ukishindwa, nitapanda ndege nije kumsomea mwenyewe.

Otilia


Dar es Salaam, 9 Juni 2024

Mke mwenzangu Otilia,

Anayeandika ni Leonardi, na leo ataandika kwa jasho, maana mengi yanamhusu. Andika, Leonardi. Usikohoe.

Kwanza, najua kwamba unajua. Nilijua tangu "wanarudi nyumbani wakapike ugali, nasema tu". Hujui kuzunguka, mjukuu wangu. Nilikuacha tu uzunguke.

Pili, siku aliponisomea barua ya Mei, Leonardi alisoma kwa mbio. Mimi nimemsikiliza kanisani miaka thelathini. Akisoma kilichoandikwa anakwama, anafuta miwani, anarudi nyuma, anameza mate. Siku ile alitiririka kama redio. Tena eti panya ananisalimu. Panya aliyekuuma wewe na bosi wako, anisalimu mimi? Nikamwambia vizuri, katafute basi. Alipotoka, sikuiweka karatasi kwenye debe. Niliitia kifuani. Alidhani karatasi mikononi mwa asiyesoma ni ya kuwashia moto.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Milanzi, kwa Gaudiosa mshona nguo, nikamwambia soma, na ukiruka neno moja nakuchoma na sindano yako mwenyewe. Akasoma. Alipofika pale "alikuwa amepoa", akalia yeye. Mimi sikulia. Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, na waya wako, na picha yako safi. Nilikuambia mrija! Nilikaa kwenye benchi la Gaudiosa mpaka akamaliza kushona gauni zima, na gauni lilikuwa na marinda.

Nikiwa pale nikawaza. Huyu mtoto alikuwa na uongo wa kunifurahisha mkononi, na uongo huo ndio uliokuwa na faida kwake. Akauacha. Akaniandikia kitu cha kunikera, akijua nitakataa. Mtu wa namna hiyo akisema dawa haiui, basi haiui. Halafu nikawaza tena: Silvana yule hakufa kwa dawa. Alikufa kwa baridi, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwekea kitu. Mimi nina blanketi.

Nikamwambia Gaudiosa anikunjie karatasi vizuri, nikarudi nyumbani kufunga begi.

Leonardi sikumwambia kitu mpaka tulipopita Tunduma. Hapo nikamwuliza, hivi yule panya alisema ananisalimu kwa lugha gani? Tangu hapo mpaka Dar ametubu njia nzima. Malipizi yake nilimpa mimi, padre hayumo: amebeba blanketi langu zito la Ufipa begani, Dar hii yenye joto la kuivisha mkate, watu wakimwangalia kama anauza. Umeandika? Begani. Ongeza.

Na unajua nini? Chumba cha mashine kina baridi kama Ufipa mwezi wa saba! Wana mtambo wa kuleta baridi, eti mashine haipendi joto. Binti wa pale akaniambia bibi lala usiogope. Nikamwambia siogopi, blanketi kwanza. Akasema hawajawahi kuletewa blanketi. Nikamwambia ndiyo maana nimewaletea. Akaniwekea na mto, kama ulivyosema. Sindano ilikuwa ya mkono, mimi sina mkia. Haikuwasha.

Nikatafuta matundu, sikuyaona. Binti akasema yapo maelfu nyuma ya lile bamba, madogo kuliko jicho. Nikamwambia mjukuu wangu ndiye anayetoboa hayo. Akaniuliza, yuko hospitali gani? Nikamwambia ya panya. Akanivutia blanketi mpaka kidevuni.

Kipepeo changu kina bawa moja linalowaka na moja limezimika kabisa, kubwa, jeusi, limelalia koo. Daktari hakuniambia nasema tu. Aliniambia hivi: hili tunalikata Alhamisi, likishatoka ndipo tutajua ni la aina gani. Nikamwambia kata.

Usipande ndege. Maliza kazi yako kwanza. Na mrija.

Bibi yako aliye hai mpaka saa hii,
Silvana


Aachen, 11 Juni 2024

Bibi, shikamoo.

Nimeondoa waya.

Nimetoa matundu manne kati ya arobaini na nane, mahali pake nimepitisha mirija minne ya hewa ya moto, inaingia pande zote, inamzunguka panya. Madoa hakuna. Mkuu wangu aliuliza wazo limetoka wapi, nikamwambia kwa babu wa mama yangu mzazi, mfua chuma. Akataka niandike jina lake kwenye mchoro. Sikulijua, Bibi. Nimeacha mstari mtupu. Utanitajia.

Kizimba cha namba arobaini na moja kina panya mwingine sasa. Karatasi ya jina sijaibandua.

Alhamisi nitakuwa macho siku nzima. Leonardi, baba, usibadilishe neno hata moja.

Otilia wako


Dar es Salaam, 30 Juni 2024

Mke mwenzangu,

Fupi leo. Daktari amekataza nisiseme sana, maana hajui nina mjukuu wa aina gani.

Wamelitoa. Niliomba kuliona, wakakataa, wakasema limekwenda kupimwa. Nikawaambia lipimeni, ila lisirudi. Jibu limetoka Ijumaa. Si lile baya. Leonardi alinisomea karatasi ya daktari akakwama mara sita, akafuta miwani mara mbili, kwa hiyo ni kweli.

Nalala chali sasa. Usiku wa kwanza niliogopa ule ukimya, nikadhani nimekufa, kumbe ni pumzi inapita bila kukwaruza.

Kovu liko shingoni kama mkufu. Skafu nimempa mgonjwa wa kitanda cha pili. Sauti imebaki nyembamba, kama ya kuku aliyenyeshewa, lakini maneno yote yamo, nimeyahesabu.

Jina la baba yangu sitampa Leonardi aliandike. Nitakutajia mwenyewe.

Jumapili ijayo, misa ya kwanza ikishatoka, piga simu. Napokea mimi. Na ole wako uanze kwa kulia, maana huo waya bado sijamaliza kukugombeza.

Silvana